Vijiti vya mkojo vinaonewa bure

Mwanamke anayetafuta mtoto hapa Mwanza akianzishiwa klomifeni, dawa ya kukomaza mayai, haichukui muda atasikia: "Achana na vijiti vya mkojo, njoo upige altrasaundi." Vijiti hivyo ni vile vya kupima nyumbani kama yai linakaribia kutoka. Kauli hiyo ina ukweli nusu.

Altrasaundi ya ukeni inaona kifuko cha yai chenyewe, kinavyokua kama milimita 2 kwa siku mpaka 18 na kuendelea, na baadaye inaonyesha kama kimepasuka. Tena inahesabu. Dawa ikikomaza vifuko vitatu, kijiti kitanyamaza, na mapacha wa klomifeni si hadithi. Kwa hiyo kuanza dawa bila altrasaundi hata moja, sitetei.

Ila sasa mchukue mke wa mvuvi wa dagaa kule Nansio, kisiwani Ukerewe. Kufuatilia kifuko ni kuja siku ya 10 au 12 ya mzunguko, urudi baada ya siku mbili, na pengine urudi tena. Kila safari ni kivuko, nauli, kulala kwa shemeji Igoma, na mama mkwe anauliza Mwanza kuna nini. Mumewe huingia ziwani usiku wa giza. Mbalamwezi ndiyo mapumziko yake. Siku za mimba zinaweza kufika mke yuko kwenye foleni ya kipimo mjini, mume yuko nyumbani amelala. Hiyo ni tiba gani? Na altrasaundi ikisoma milimita 17, haimwambii yai litatoka lini. Kijiti kinanasa homoni ya LH inapopanda, na yai hutoka kama saa 24 hadi 36 baadaye.

Lawama nyingi za vijiti ni za usomaji. Hiki si kipimo cha mimba. Mstari hafifu hauhesabiki, lazima ukolee kama ule wa pili wa kulinganishia au kuuzidi. Na usipime mara tu baada ya kumaliza klomifeni. Dawa yenyewe hupandisha LH, subiri angalau siku tatu.

Mwenye PCOS, tatizo la homoni linalovuruga kutoka kwa yai, ana haki ya kulalamika: LH yake huwa juu muda mrefu, kijiti kinamdanganya. Huyo aende altrasaundi. Wengine wapige moja kila dozi inapobadilishwa, wamalizie na vijiti nyumbani, kisha damu ipimwe projesteroni, homoni inayopanda yai likishatoka, wiki moja baada ya kijiti kukolea, maana LH kupanda hakuthibitishi kwamba yai limetoka.