Utalii wa migodini Potosí: tunawasaidia wachimbaji au tunawachungulia?

Ukitaja Bolivia watu wengi wanakumbuka ule uwanda wa chumvi wa Uyuni, zaidi ya kilomita za mraba 10,000 za weupe mtupu, au kanivali ya Oruro ambapo watu wanacheza wamevaa vinyago vya mashetani. Hapo hakuna ubishi, kama hela unayo nenda. Ubishi uko Potosí, mji ulio karibu mita 4,100 juu ya bahari, pale chini ya mlima wa Cerro Rico, ambapo watalii wanavalishwa helmeti na gambuti afu wanaingizwa shimoni kuangalia watu wakichimba madini ya fedha, zinki na bati. Yaani unalipia kuona mwenzio anavyoteseka kazini, ndo wanavyosema wanaopinga, na wenyeji wa Kibera wameshalalamika hivyohivyo kuhusu wazungu wanaotembezwa kwenye vichochoro vyao.

Mlima wenyewe una historia nzito. Wahispania walianza kuchimba 1545, na miaka ya 1570 mtawala wao Francisco de Toledo akaweka kazi ya lazima iliyoitwa mita, karibu mwanaume mmoja kati ya saba kwenye vijiji vya Andes alikuwa anachukuliwa kwa zamu aje kuchimba. Watumwa kutoka Afrika nao walifikishwa huko, wengine wakafanya kazi kwenye kiwanda cha sarafu, na mpaka leo kuna Wabolivia weusi bonde la Yungas, wapo hata wenye jina la ukoo Angola. Huko migodini utaambiwa mlima umeua watu milioni 8. Wanahistoria wanaipinga sana hiyo namba na mi naona wala haihitajiki, yanayojulikana kwa uhakika yanatisha ya kutosha.

Sasa wanaotetea hizi safari wana hoja nzuri kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1985 bei ya bati iliporomoka duniani, serikali ikawapunguza zaidi ya wachimbaji 20,000 wa shirika lake la madini, wengine wakahamia El Alto, mji ulio jirani na La Paz, wengine wakaenda kulima koka, waliobaki wakajiunga na vyama vya ushirika ambavyo mpaka leo ndo vinachimba mlima kwa vifaa vya kubahatisha. Kwenye hali kama hiyo kazi ya kuongoza watalii inamtoa mtu shimoni. Waongozaji wengi ni wachimbaji wa zamani, wanaongea Kikechua, lugha ya wenyeji wa Andes, na wenzao waliobaki chini, wanajua mwamba upi unaning'inia vibaya. Kabla ya kuingia mnapitia soko la wachimbaji mnanunua majani ya koka, soda, hata baruti maana inauzwa waziwazi, mnawapelekea kama zawadi. Koka wanaibana shavuni kama watu wa Meru na miraa, na ikiisha ladha wanajua muda umeenda.

Lakini soda na koka siyo mshahara. Hapa ndo mi nasita, kwa sababu vumbi la mwamba linaleta silikosisi, ugonjwa wa mapafu usio na dawa ya kuuponya, wengi wanakufa mapema sana, na watoto wa chini ya miaka 18 wamekuwa wakikutwa humo ndani wakifanya kazi. Mtalii anakaa saa mbili tatu anatoka anakohoa kidogo anapiga picha. Afu mlima wenyewe umechokonolewa mpaka kilele kinabomoka, UNESCO iliuweka pamoja na mji kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2014, halafu bado tunapanga foleni kuingia.

Kuna na suala la Tío. Huyu ni sanamu la udongo lenye pembe, anakaa kwenye mahandaki, wachimbaji wanaamini ndiye mwenye madini, kwa hiyo wanamwekea sigara mdomoni, wanammwagia pombe kali na kumpa koka, hasa Ijumaa, wakati huko nje ni Wakatoliki wazuri tu. Wapinzani wanasema utalii umemgeuza kuwa maonyesho. Sikubaliani nao sana, Tío analishwa hata siku ambazo hakuna mgeni, mwamba ukianguka hauchagui. Kilichonichekesha ni hiki, kwa mila za migodini mwanamke kuingia shimoni ni mkosi, mshipa wa madini utapotea, wake wa wachimbaji wakawa wanabaki nje kuokota mawe na kulinda malango, ila mwanamke mgeni mwenye tiketi anapita bila shida. Kumbe mkosi una bei.

Kwa hiyo mi simlaumu anayeingia, ila siwezi kumsifu kila anayeuza hizo safari. Ningeuliza kwanza chama cha ushirika kinapata shilingi ngapi kwenye kila tiketi, na mwongozaji akianza kukwepa swali ningeondoka. Kamera ningeiacha mfukoni mpaka mtu akubali mwenyewe. Na kama kifua chako kina shida achana nayo kabisa, hiyo hewa ni nyembamba hata kwa mtu mzima wa afya. Nenda Casa de la Moneda, kile kiwanda cha zamani cha sarafu katikati ya mji ambacho sasa ni makumbusho, utaelewa hela ilienda wapi bila kumsumbua mtu anayesukuma kigari cha mawe gizani.