Kiumbe Ambaye Hakuna Aliyemwona: Je, Mfuatano wa DNA Unatosha Kumpa Jina?

Mwaka 2022 wataalamu wa bakteria na arkea (viumbe wa seli moja wasio na kiini) walichapisha kanuni mpya ya kutoa majina, iitwayo SeqCode, inayokubali spishi ipewe jina halali kwa msingi wa mfuatano wa jenomu yake, yaani DNA yake yote, hata kama hakuna aliyewahi kumkuza kiumbe mwenyewe maabara. Miaka minne kabla ya hapo, wataalamu wa kuvu waliokutana San Juan, Puerto Rico, walikuwa wamelikataa kwa kura pendekezo linalofanana na hilo. Swali hilohilo sasa linawakabili wanaochunguza viumbe wa seli moja wenye kiini wanaoishi katika maji baridi na udongo, yaani amiba, siliati (wanaoogelea kwa vinyweleo vifupi), flagelati (wanaoogelea kwa mijeledi) na jamaa zao: spishi mpya itangazwe pale DNA yake inaposomwa, au pale seli yake inapoonekana na kuelezwa?

Wanaotaka DNA itoshe wana hoja nzito, na si haki kuwaita watu wa haraka. Tangu Antonie van Leeuwenhoek, Mholanzi aliyejitengenezea hadubini, alipotazama maji ya ziwa karibu na Delft mwaka 1674, tulichokijua kuhusu viumbe hawa kilikuwa kile tu kilichokubali kuogelea mbele ya lenzi. Udongo huficha mengi zaidi ya hayo. Wengi wamo ndani ya vifuko vigumu wakisubiri mvua, wengine ni wadogo mno na wanafanana kama vitone, na wengine huishi ndani ya miili ya viumbe wengine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu udongo wa misitu ya mvua ya Costa Rica, Panama na Ekwado ulionyesha kwamba kundi lililotawala lilikuwa la apikompleksa, vimelea walio jamaa wa vijidudu vya malaria, ambao mtu mwenye hadubini na tone la maji ya udongo asingeweza kuwakadiria. Kuna pia kundi zima la kuvu wa udongo, Archaeorhizomycetes, lililojulikana kwa miaka kadhaa kwa mifuatano ya DNA pekee, kabla ya spishi yake ya kwanza kukuzwa na kupewa jina mwaka 2011.

Upande wa pili, wa wale wanaosisitiza kwamba jina lisubiri seli, mara nyingi huelezwa kana kwamba ni wazee wanaoshikilia vifaa vyao vya zamani. Maelezo hayo yanapotosha. Wanachokitetea ni uwezo wa kujua tunahesabu nini, na hakuna mahali panapolidhihirisha jambo hili zaidi kuliko kile kizingiti maarufu cha asilimia 97 ya kufanana kwa DNA.

Kizingiti hiki kilitokana na utafiti wa bakteria. Mwaka 1994 Erko Stackebrandt na Brett Goebel walionyesha kwamba bakteria wawili ambao jeni zao za ribosomu (mitambo ya seli inayotengeneza protini) zinafanana chini ya asilimia 97 kwa kawaida si wa spishi moja. Hawakudai kwamba wanaofanana zaidi ya hapo ni wa spishi moja. Kinyume chake, walijua kwamba wanaweza kuwa tofauti kabisa. Hata hivyo kauli hiyo iligeuzwa, na asilimia 97 ikawa tafsiri ya spishi yenyewe. Kisha ikahamishwa kutoka jeni nzima yenye herufi za DNA zipatazo 1,500 hadi vipande vifupi, na kutoka kwa bakteria hadi kwa viumbe wenye kiini, ambao jeni yao ya ribosomu, 18S, hubadilika kwa mwendo tofauti katika kila ukoo. Kipande kinachosomwa zaidi, kiitwacho V4, kina herufi takriban 400 tu, hivyo asilimia 3 ni herufi 12 hivi. Wapo siliati wa spishi tofauti, wenye maumbo na tabia tofauti, ambao kipande hicho hakiwatenganishi hata kwa herufi moja. Mwaka 2006 Stackebrandt mwenyewe, pamoja na Jonas Ebers, alipendekeza kwamba hata kwa bakteria kizingiti kipandishwe hadi karibu asilimia 99, lakini kile cha zamani kiliendelea kutumika kwa miaka mingi.

Wengi wameacha vizingiti siku hizi na huhesabu kila mfuatano tofauti peke yake. Hapo tatizo hugeuka upande wa pili, kwa kuwa seli moja ya siliati inaweza kubeba maelfu, na katika baadhi ya spishi mamia ya maelfu, ya nakala za jeni ya ribosomu, na nakala hizo hazifanani zote. Kuhesabu spishi kwa njia hiyo ni kama kuhesabu watu wa mji kwa kuhesabu nguo zilizoanikwa. Kwa hiyo tunaposoma kwamba kijiko cha udongo kina maelfu ya spishi zisizojulikana, tarakimu hiyo yaweza kuwa kubwa mno kwa kundi moja na ndogo mno kwa kundi jingine ndani ya orodha ileile, na orodha yenyewe haituonyeshi ni wapi imezidi na ni wapi imepungua.

Watetezi wa DNA hupenda kutoa mfano wa siliati Paramecium aurelia, ambaye mwanabiolojia Tracy Sonneborn alimgawa mwaka 1975 katika spishi 14 zisizoweza kutofautishwa kwa kuzitazama. Mfano ni wa kweli, na unathibitisha kwamba jicho lina mipaka. Lakini Sonneborn hakuzigundua kwa mifuatano. Alizigundua kwa kuwalea viumbe hai kwa miongo kadhaa na kuangalia nani anakubali kujamiiana na nani, kazi aliyoianza mwaka 1937. Bila seli hai, tofauti hiyo isingekuwa na maana ya kibiolojia ambayo baadaye DNA iliweza kuithibitisha.

Baharini kuna onyo jingine. Mwaka 2007 kundi jipya lilitangazwa kutokana na mifuatano na seli zilizong'aa chini ya hadubini, likaitwa pikobilifaiti na kuchukuliwa kuwa mwani unaotumia mwanga wa jua. Mwaka 2011 jenomu za seli moja moja hazikuonyesha dalili yoyote ya usanisinuru, na mwaka 2013, spishi ya kwanza ilipokuzwa maabara na kupewa jina Picomonas judraskeda, ilidhihirika kwamba ni walaji. Kosa la namna hiyo si dogo, maana kumweka mlaji katika nafasi ya mzalishaji kunavuruga hesabu nzima ya nani anamlisha nani.

Mfano unaonigusa zaidi unatoka Nova Scotia, Kanada. Yana Eglit, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dalhousie, alichota udongo kando ya njia ya matembezi, akaulowesha maji na kuendelea kuutazama kwa wiki kadhaa. Walitokea viumbe wenye mijeledi mingi inayopigapiga bila mpangilio, wa kundi la Hemimastigophora. Timu yake ilisoma RNA (nakala za jeni zinazotumika ndani ya seli) kutoka seli moja moja, na mwaka 2018 ikaonyesha kwamba kundi hilo liko nje ya matawi makuu yote yaliyojulikana ya viumbe wenye kiini. Mmoja wao, Hemimastix kukwesjijk, alikuzwa maabara, akaonekana akiwinda, na akapewa jina la jitu lenye njaa katika masimulizi ya watu wa Mi'kmaq. Jambo ambalo watu husahau ni kwamba mtaalamu wa siliati Wilhelm Foissner na wenzake walikuwa wameliweka kundi hili katika faila (ngazi kuu ya uainishaji) yake pekee tangu mwaka 1988, kwa kulitazama tu. Hadubini ilisema mapema, na ilichukua miaka 30 kwa jeni kusema vivyo hivyo.

Foissner huyohuyo, pamoja na Sabine Agatha na Helmut Berger, alitoa mwaka 2002 kitabu cha zaidi ya kurasa 1,400 juu ya siliati wa udongo, hasa wa Namibia, chenye spishi mpya zaidi ya 100, kila moja ikiwa imechorwa na kupimwa baada ya seli kutiwa rangi kwa madini ya fedha. Hiyo ndiyo gharama ya njia hii, na hapa upande ninaouelemea lazima ukubali udhaifu wake: watu wenye ustadi huo ni wachache, mafunzo huchukua miaka, na kwa mwendo huo viumbe wengi watapotea pamoja na mabwawa na udongo wao kabla ya kuelezwa. Lakini uchache huo umetokana pia na maamuzi ya wanaogawa fedha. Mtafiti anayesoma sampuli mia kwa mashine hupata makala na ruzuku kwa urahisi kuliko anayetumia mwaka mzima kwa spishi tano, na kisha uchache wa wataalamu hutumiwa kama hoja ya kuwaacha kabisa.

Mabishano makubwa ya fani hii yanaitegemea kazi hiyo ya polepole. Wanabiolojia Bland Finlay na Tom Fenchel walidai kwamba viumbe wadogo kiasi hiki husambaa duniani kote, na mazingira ndiyo huchagua nani astawi. Foissner alipinga, akitaja spishi kama Apodera vas, amiba mwenye gamba kubwa la kutambulika kirahisi, anayepatikana kusini mwa dunia na katika tropiki lakini hayupo kwenye tundra na mabwawa ya mboji ya kaskazini. Hoja hiyo iliwezekana kwa sababu jina Apodera vas linamtaja kiumbe ambaye mtu yeyote mwenye hadubini anaweza kumtafuta na kusema yupo au hayupo.

Kwa mtazamo wangu, mfuatano usio na seli unastahili namba ya utambulisho ya kudumu, inayotafutika na kunukuliwa, na jina la spishi lisubiri. Hilo halizuii kazi ya DNA hata kidogo, na njia ya kuunganisha pande mbili ipo tayari: seli ipigwe picha na video ikiwa hai, kisha RNA au DNA isomwe kutoka seli hiyohiyo. Kinachokosekana ni sharti dogo kwa tafiti kubwa. Leo udongo mwingi hugandishwa au kusagwa wote kwa ajili ya DNA, hivyo mtu akikutana na mfuatano wa ajabu katika matokeo, hakuna kilicho hai cha kurudia. Udongo uliokaushwa kwa hewa hutunza vifuko vya siliati na amiba wengi kwa miaka, bila friji wala kemikali. Majarida na wafadhili wakidai kwamba sehemu ya kila sampuli ikaushwe, iwekewe lebo na kuhifadhiwa, mwenye namba isiyo na jina ataweza kuuchukua udongo uleule, kuulowesha, na kuanza kumtafuta mwenye mfuatano huo.