Mungu wa Kigermaniki: Aliyeitwa au Kilichomiminwa?

Waingereza husema God, Wajerumani Gott, Waholanzi god na Waswidi gud, na hakuna mwanaisimu anayebisha kwamba maneno hayo ni ndugu wa tumbo moja, watoto wa neno la Kigermaniki-mame ambalo wataalamu wameliunda upya kuwa *gudą (nyota huonyesha neno lisilopatikana katika maandishi). Ubishi huanza tunapopanda kizazi kimoja zaidi, hadi lugha mame ya Kihindi-Kiulaya, chimbuko la lugha nyingi za Ulaya na India, kwa kuwa huko mizizi miwili inalidai neno hilo: mmoja wa kuita au kuomba, mwingine wa kumimina.

Wanaotetea kumimina wana hoja ya sauti. Mzizi wa kuita ulikuwa na sauti ya kooni iliyopotea ikaacha irabu imerefuka, ndiyo maana Kisanskriti, lugha ya kale ya India, kina hūta, "aliyeitwa", chenye u ndefu. Ilhali u ya *gudą ni fupi, sawa na ya huta, "kilichotolewa sadaka", neno la Kisanskriti litokanalo na mzizi wa kumimina. Mwanaisimu Calvert Watkins wa Marekani alikwenda mbali zaidi, akakumbusha khutē gaia ya Kigiriki, udongo uliomwagwa juu ya kaburi, hata mungu huyo akaonekana kuwa hapo mwanzo alikuwa mzimu wa kilima cha maziko. Kwa njia hiyo hata jinsi ya neno inaeleweka: lugha hizo hugawa nomino kuwa za kiume, za kike na zisizo za kiume wala za kike, na *gudą lilikuwa katika kundi hili la mwisho, kama inavyofaa kitu kilichomiminwa.

Hoja ya sauti, hata hivyo, naiona dhaifu kuliko inavyosifiwa. Kwa kanuni ya mabadiliko ya konsonanti aliyoieleza mwanaisimu Karl Verner mwaka 1877, d ya *gudą inaonyesha kwamba mkazo ulikuwa kwenye silabi ya mwisho, na katika mazingira kama hayo Kigermaniki kimefupisha irabu kwingineko: mwana ni sūnu kwa Kisanskriti, lakini sunus kwa Kigothi, lugha ya kale ya Kigermaniki. Urefu wa irabu ukitolewa mizanini, inabaki maana, na hapo Rigveda, mkusanyiko wa kale wa tenzi za dini za Kihindi, humwita mungu Indra puruhūta, yaani anayeitwa na wengi. Upande wa kumimina hauna mfano wa wazi kiasi hicho. Sharti tukisie safari ya kutoka kwenye udongo hadi kwenye roho.

Linalonizuia kufunga mjadala ni ile jinsi. Yawezekana neno lilitaja kundi la miungu ya kiume na ya kike kwa pamoja, maelezo yanayofaa mizizi yote miwili. Ilikuwa jinsi sugu pia: katika Biblia ya Kigothi iliyotafsiriwa na askofu Wulfila katika karne ya 4, guþ, Mungu wa Wakristo, huchukua vivumishi vya kiume, lakini umbo lenyewe halikupata -s ya kiume, na miungu, kwa wingi, bado ni guda.