Mashine ya vyombo, maji ya papa

Tangu binti yetu aanze kujitayarisha kwa mtihani wa Serikali, mikono yake haigusi tena sahani. Ukimwita jikoni, anainua daftari juu kama polisi wa barabarani anayesimamisha teksi. Msichana wa kazi naye alienda kwao Likasi msibani, na huo msiba mpaka leo haujaisha. Sasa dada wa bibi yangu, yaani wa mke wangu, yuko Ubelgiji, kila Jumapili anapiga video ameketi zake, mashine ya kuosha vyombo inanguruma nyuma yake. Bibi akaitazama ile mashine, kisha akanitazama mimi. Kesi ikaishia hapo: tunanunua. Mimi nimeachiwa kuchagua, maana yake kulipa.

Sisi ni wapangaji, tuko katika aneksi, ndani ya kipangu (kiwanja chenye ua) cha mtu, hapa Lubumbashi. Ile mashine ya kujengewa ndani ya kabati tuisahau. Mwenye nyumba hakubali hata msumari wa kalenda, na garanti yangu, ile pesa ya dhamana, ameikalia. Imebaki ile ndogo ya kuweka juu ya meza, upana sentimita 55 hivi. Meza tunayo moja, na juu yake kuna televisheni. Nimeuliza nani atahama. Hakuna aliyejibu, ila najua.

Dukani kijana akanipokea vizuri: "Karibu papa, hii ni ya watu 6." Watu 6 wa wapi? Nikamwambia anihesabie. Akaanza: sahani ya supu, sahani kubwa, sahani ya deseri, kisosi... Deseri! Kwetu mtu akimaliza bukari, yaani ugali, anakunywa maji, anashukuru Mungu. Nikamuuliza sufuria ya bukari itaingia upande gani. Akaupima mlango kwa macho, akasema sufuria "tuiache kwanza." Na hata ikiingia, sufuria zetu ni za aluminiamu, sabuni ya hizo mashine ni kali, inazifanya nyeusi. Kwa juu, yaani. Chini mbabula, jiko letu la makaa, ilishamaliza kazi zamani. Mwiko wa mti nao hauruhusiwi, unapasuka. Kwa hiyo ukoko wa bukari, sufuria ya sombe (majani ya muhogo) na mwiko ni vya papa. Mashine itashughulika na vijiko.

Tuje kwenye maji. Aina ya kwanza inafungwa kwenye robine, yaani bomba la maji. Robine yetu iko uani, tunaigawana na kipangu kizima, na shingo yake imefungwa mpira wa baiskeli. Nani atathubutu kuigusa? Aina ya pili ina tangi lake: unalimiminia lita 5 kwa mkono, likijaa linalia ti-ti-ti. Kijana alinieleza hivyo kwa furaha, kama mtu anayekupongeza kwa kupata mtoto. Nikapiga hesabu palepale: nibebe bido (dumu la maji), nimimine, halafu maji machafu yatoke kwa mpira hadi kwenye ndoo, niibebe ndoo, nikamwage. Hapo katikati mashine inafanya nini? Inanisubiri.

Na inakula vizuri kuliko mimi! Sabuni yake ya vidonge, kwa sababu ukiitilia ile ya kawaida povu linafika mlangoni. Chumvi yake peke yake, si hii ya mboga, ya kupunguza chokaa ya maji. Halafu dawa nyingine ya kung'arisha glasi. Glasi zetu ni vikombe vya plastiki.

Umeme ndio usiseme. Mashine inachemsha maji, inavuta wati zaidi ya 1000, na mkataba wangu wa nyumba unakataza hata resho, lile jiko dogo la umeme. Programu ya kubana umeme ndiyo ndefu kuliko zote, inaweza kupita saa 3. Mtaani kwetu umeme ukikaa saa 3 bila kukatika, watu wanaulizana ni mkubwa gani amehamia.

Nilisoma kwenye simu kuhusu mama aliyetuletea mambo haya, Josephine Cochrane wa Illinois, Marekani, aliyepewa hataza, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1886. Inasemekana wafanyakazi wake walikuwa wakimvunjia sahani za kaure. Haya, tumwelewe. Sahani zetu ukiziangusha zinaruka, zinarudi mezani zenyewe.

Juzi nikaenda kwa mwenye nyumba, nikiwa na matumaini kamili kwamba atakataa. "Mzee, mama anataka mashine ya vyombo, ila najua inakula umeme..." Akanikatiza: hakuna shida, mwanangu, iletwe tu. Sharti ni moja, vyombo vya nyumba kubwa pia vipite humo kila jioni. Ana watoto 9, na bido langu analijua, ni lile la njano.