Nataka Kujificha, Askari Anataka Kitambulisho

Mpwa wangu anasomea mambo ya kompyuta, na kila Jumapili akija kula chapati zetu lazima kwanza anitishe. "Anko, unafuatiliwa. Kampuni za Marekani zinajua unachonunua, unakolala na unachopenda." Mimi namsikiliza huku nachovya chapati kwenye madondo. Zijue tu! Kampuni iliyoko California ikijua nimenunua dawa ya kunguni itafanya nini, itapanda ndege ije kunicheka hapa ploti? Wa kunicheka yuko nyumba namba nane, na wala hakuhitaji kompyuta. Aliniona nikianika godoro.

Lakini kijana hakubali kushindwa. Akaichukua simu yangu, akaitia VPN, akanionyesha ile hali fiche ya kuperuzi, kisha akanifungulia akaunti kwa jina la Kifaru Mweusi, picha yake ni jiwe. "Sasa Anko hujulikani." Nikamuuliza hiyo VPN kazi yake hasa ni ipi. Akanieleza kwamba tovuti ninayoingia haioni natokea wapi, inaona anwani ya mashine nyingine, tuseme iko Uholanzi, na hata kampuni inayoniuzia bando haioni ninafungua nini. Vizuri sana. Na mwenye hiyo mashine ya Uholanzi, yeye haoni? Kijana akatafuna kidogo. Akasema ndiyo, yeye anaweza kuona, hasa hizo za bure, maana na wao lazima wale. Na hali fiche? Hiyo inafuta historia ndani ya simu yangu tu. Mwenye waifai ya ofisini bado anaweza kujua nimetembelea tovuti gani. Kwa hivyo hali fiche inanificha kwa mtu mmoja tu, mke wangu Mama Kevo, akiishika simu yangu. Na Mama Kevo hana haja na historia. Anasoma uso.

Basi Jumatatu Kifaru Mweusi, mkazi wa Uholanzi, akapanda matatu kwenda mjini Nairobi. Nilikuwa na shughuli kwenye jengo moja karibu na Moi Avenue, ghorofa ya nne. Mlangoni, askari. Mezani, kitabu.

Kitabu hicho mnakijua. Kalamu imefungwa uzi, tena uzi mfupi, ili huwezi kuandika bila kumwinamia askari. Safu zimepigwa kwa rula: jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, unakotoka, unakokwenda, saa ya kuingia, sahihi. Naandika yangu huku nasoma ya walionitangulia, maana macho hayana pazia. Mama fulani, namba yake ya simu hii hapa, amekwenda kwa daktari wa ngozi. Bwana fulani, kitambulisho chake hiki hapa, amekwenda kwa wakili akatoka baada ya dakika kumi, kwa hivyo wakili ametaja bei. Kuna binti mmoja ambaye namba yake ya simu imetiwa tiki pembeni. Nikaangalia ukurasa mzima, hakuna mwingine mwenye tiki. Nikamwangalia askari, askari akaangalia barabara. Na katikati ya ukurasa yuko mgeni aliyeandika jina "Yesu Kristo", kutoka "Mbinguni", kwenda "ghorofa ya pili". Aliingia saa tatu na robo. Sahihi ipo.

Nikasema, "Kwa hisani yako afande, unajua kuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019?" Nikaendelea, maana nikianza huwa siachi njiani, nikamwambia hata kabla ya hiyo kuna kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010, kinachosema habari za familia ya mtu na mambo yake ya kibinafsi zisitakiwe wala kufichuliwa pasipo sababu. Askari alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima zote. Kisha akasema, "Sawa mzee. Na kitambulisho unakiacha hapa." Akakitupia kwenye boksi la viatu pamoja na vya wenzangu. Nilipotoka akanikabidhi kitambulisho cha bwana mwenye masharubu, mzaliwa wa Kitui. Nikamwambia huyu si mimi. Akakiangalia, akaniangalia, akasema, "Si umenyoa?"

Mchana huohuo nilikuwa na fomu ya kujaza kwa njia ya mtandao, nikaingia saiba, duka la kompyuta za kukodi. Kijana wa saiba ndiye anayejua nchi hii ilivyo. Kila mwaka ikikaribia tarehe 30 Juni, tarehe ya mwisho ya ritani za kodi, watu hupanga foleni kwake na kumtajia nywila kwa sauti, maana ndani kuna kelele. Wengine hawazikumbuki, lakini usijali, yeye anazo. Zimo kwenye daftari la kurasa 96 chini ya kibodi, na nyingi alizitunga mwenyewe siku alipowafungulia barua pepe. Kwenye kompyuta niliyokalia kulikuwa na vyeti vya shule, barua za kuomba kazi, picha za vitambulisho mbele na nyuma, na hati moja ya talaka. Sikuifungua. Ilikuwa imefunguliwa.

Jioni nikanunua njugu za shilingi ishirini, zile za kukunjiwa kwenye karatasi, nikapanda gari la kurudi mtaani. Mtaa wenyewe siutaji, kwa sababu za usalama. Tulipofika Burma njugu zilikuwa zimepungua, nikaona karatasi ina maandishi. Kufika Hamza nimeshaikunjua yote. Ilikuwa fomu ya mkopo. Jina la mwombaji, mwajiri wake, mshahara wake, makato, jina la mke na simu yake, idadi ya watoto. Chini kabisa mtu wa ofisini ameandika kwa wino mwekundu: "Mshahara hautoshi." Nilisikitika kweli. Mtu amevaa tai, amejaza kila kisanduku kwa herufi kubwa, ameahidi kulipa kwa miezi ishirini na minne, halafu siri yake inazungushwa Jogoo Road na chumvi ya njugu juu yake. Nikaichana vipande vidogo vidogo nikavitia mfukoni. Konda akanikazia macho, akamwambia dereva kuna mzee anakula risiti. Nikashuka Mutindwa kimya kimya.

Hapo kituoni ndipo alipo mama mboga wangu. Sasa, mimi mtaani ni Baba Kevo. Jina la ubatizo ninalo, nilipewa na padri Mtaliano aliyekuwa na haraka, lakini nilipomaliza darasa la nane nililiacha hukohuko shuleni, na hakuna aliyelidai. Tatizo ni kwamba tangu 2007 pesa za nchi hii zimehamia kwenye simu, na ukimtumia mtu pesa, jina lako la kitambulisho linatangulia. Nilimtumia mama mboga shilingi hamsini za sukuma na nyanya. Simu yake ikalia. Akapangusa mikono kwenye leso, akavaa miwani, akasoma kwa sauti, silabi baada ya silabi, majina yote matatu. Foleni nzima ikageuka. "Kumbe Baba Kevo ndiye huyu!" Siku hizi hata mtoto wake wa chekechea ananiita hilo jina, na analitamka vizuri kuliko yule padri. Nikitoa noti, mama mboga hana chenji. Mpwa wangu ananishauri nilipie kwa tili, ile namba ya malipo ya biashara, kwa kuwa huko namba ya simu inafichwa katikati, muuzaji haoni ila jina la kwanza. Jina la kwanza ndilo lenyewe!

Halafu nikifika nyumbani, simu. Namba ngeni. Mwanamke ana sauti ya kuamrisha. "Wewe ni rafiki wa fulani? Mwambie alipe mkopo wetu leo." Huyo fulani ni jirani, nyumba yake sitaitaja, ni ile ya mbele ya saba. Alikopa shilingi elfu tatu kwenye programu ya simu, programu ikamwuliza inaweza kusoma orodha yake ya namba, na mtu mwenye shida hubonyeza "kubali" kabla swali halijaisha. Sasa wanampigia kila aliyemo: mimi, mchungaji, fundi viatu, na aliyekuwa mchumba wake wa kwanza. Kanuni za mwaka 2022 zinawakataza wakopeshaji wa simu kuifanyia hivyo orodha ya mdaiwa. Nilimwambia yule mama. Akaniuliza, "Na wewe una deni letu?" Mimi sijawahi kukopa kwao, nikasema hapana. Akasema, "Basi karibu tukukopeshe," akakata.

Jirani mwenyewe simwelewi. Huyu ndiye bwana asiyemwambia mkewe anapokea mshahara kiasi gani, anayegeuza simu kifudifudi hata akienda kuchota maji. Lakini mwaka 2023, waliposema pale KICC, jumba la mikutano la mjini, kuna watu wa Worldcoin wanaopiga picha mboni ya jicho na kukupa tokeni, yaani sarafu za kidijitali, za kama shilingi 7,000, aliraukia foleni gizani. Akaweka jicho kwenye lile dude la duara linalong'aa, bila kuuliza jicho linapelekwa wapi. Tarehe 2 Agosti serikali ikasimamisha shughuli, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe. Nikampelekea habari nikidhani nitamfurahisha. Alicheka. "Wafute tu. Hiyo pesa niliishalipa rent ya Agosti." Sijui kwa nini naendelea kuwa na ujirani na mtu huyu, ila ana ngazi.

Nisiseme hakuna anayetutetea. Septemba 2023 Kamishna wa Data alitoza faini sehemu tatu kwa mpigo: mkopeshaji mmoja wa simu shilingi 2,975,000, shule moja 4,550,000 kwa kubandika picha za watoto bila idhini ya wazazi, na sehemu moja ya burudani 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja ambaye hakukubali. Hiyo ya mwisho niliisoma mara mbili. Nikakumbuka kuna picha yangu kwenye ukurasa wa baa moja, nimesinzia, kichwa kimelalia sahani ya nyama choma, na chini wameandika "Wateja wetu huridhika". Nikaanza kupiga hesabu ya kununua ploti kule Joska. Mpwa wangu akaniharibia raha: faini ni kitu kimoja, fidia ya mwenye sura ni kitu kingine, na fidia lazima niende nikalalamike rasmi. Yaani nipeleke picha ile ofisini, niwaonyeshe, nithibitishe kwamba aliyelalia mbavu ni mimi.

Lakini nilikuwa bado na Kifaru Mweusi. Hapo ndipo nilipopumulia. Usiku watoto wakilala, Kifaru anatoka. Aliwapasha madiwani kuhusu mitaro, aliwapasha makocha, na siku moja akaandika kuhusu harusi za siku hizi: kwamba ni biashara, kwamba kamati inakula kuku kila mkutano kabla bwana harusi hajanunua hata soksi, na kwamba mtu akitaka keki ya ghorofa sita aioke mwenyewe. Watu walipenda sana. Wakasambaza.

Kumbe kijana wangu alifungua akaunti ile kwa namba yangu ya simu. Jiwe likawa picha, jina likawa Kifaru, lakini mtandao wenyewe ukaanza kuwapitia wote walio na namba yangu na kuwanong'oneza, "Huenda unamfahamu Kifaru Mweusi." Ukamnong'oneza mchungaji. Ukamnong'oneza bosi. Ukamnong'oneza shangazi yangu wa Kitengela, ambaye binti yake anaolewa Desemba.

Mkutano wa kamati ulifanyika kwake. Nilipoingia kila mtu alikuwa na kuku mkononi, na hakuna aliyetafuna. Shangazi akanionyesha kiti. "Karibu Kifaru, keti." Nikasema sijui anazungumzia nini. Akasema hata simu isingemwambia angejua, maana katika ukoo wetu wote kuna mtu mmoja tu anayeanza kutukana kwa kusema "Kwa hisani yenu." Mpwa wangu alikuwa kona ile pale, ameshika kidari, ananiambia kwa midomo bila sauti kwamba hiyo ilikuwa kwenye mipangilio, kuna mahali pa kuzima.

Wiki iliyofuata mweka hazina akaiweka orodha ya michango kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia, wote waione hadi walioko Qatar. Nikajitafuta. Nikajiona, jina la ubatizo na yote: ahadi 2,000, amelipa 0. Sawa, hiyo ni kweli, sipingi. Nikashuka chini zaidi. Mstari wa mwisho: Kifaru Mweusi, ahadi 5,000, amelipa 0. Nikampigia mweka hazina nikamweleza kwamba huyo na mimi ni mtu mmoja. Akanijibu kwamba mimi mwenyewe, mbele ya kamati nzima, nilikana kumjua, na iko kwenye kumbukumbu za mkutano.