Mgeni wa jukwaani anasema maneno ya nani?

Mwaka 472 KK, miaka minane baada ya vita vya majini vya Salamis, ambako Wagiriki waliwashinda Waajemi, Aeschylus, mtunzi wa tamthilia wa Kigiriki, aliwaonyesha Waathene tamthilia kuhusu Waajemi, maadui waliokuwa wameuchoma mji wao. Hakuwafanya vichekesho. Aliwaweka kwao Susa, mji wa mfalme wao, wakiwalilia vijana wao waliozama baharini. Wanaoitetea tamthilia ya kale dhidi ya lawama kwamba iliwadharau wageni huanzia hapo, na hoja yao ina uzito: si kawaida kumlilia adui mapema kiasi hicho.

Ila sikiliza wanachosema Waajemi hao. Malkia anauliza Waathene wanatawaliwa na bwana gani, na wazee wa kwao ndio wanaomjibu kwamba wale si watumwa wa mtu yeyote. Mgeni analia kweli, lakini kinywa chake kimeazimwa kumsifu mwenyeji.

Medea, mhusika wa tamthilia ya mwaka 431 KK ya Euripides, mtunzi mwingine wa Athene, ana nguvu nyingine. Miaka ishirini nyuma Athene ilipitisha sheria kwamba raia lazima azaliwe na baba na mama Waathene. Mbele ya watu wa sheria hiyo anasimama mwanamke wa ugenini na kusema ni heri aende vitani mara tatu kuliko kuzaa mara moja. Mwishoni anawaua wanawe, na wapo wanaoona kwamba hapo hofu ya mwenyeji imethibitishwa. Inawezekana. Hata hivyo, shauri lake limekwisha kusikika.

Kwetu Dodoma jambo hili linaniuma. Tangu serikali ilipotangaza kuhamia hapa mwaka 2016, tumemiminika kutoka kila mkoa. Lakini katika vichekesho vingi Mgogo, mwenyeji wetu, bado ni ombaomba mwenye lafudhi ya kuchekwa. Kana kwamba Mtunya, ile njaa ya 1917–1920, ilikuwa tabia ya watu! Ililetwa na ukame, na pia na majeshi ya Wajerumani na Waingereza yaliyochukua ng'ombe, nafaka na wapagazi.

Nitaambiwa huo ni utani tu. Utani naupenda, na umetupatanisha mno nchi hii. Lakini mtani hukujibu palepale, hata msibani. Mgogo wa kichekesho hajibu. Ameandikiwa kuomba na kuondoka. Vikundi vya sanaa vya hapa vimwandikie hotuba ndefu kama ya Medea, kwa Kigogo ikibidi, nasi tuliohamia tukae chini tusikilize mpaka amalize.