Benchi langu na gauni la mama mkwe

Sasa kwa sababu jirani yangu kashalitupia grupu la mtaa na toleo lake, eti "mama mkwe kaliwa na benchi", acheni niseme mwenyewe.

Mbao nilizipata Kiboriloni, mzee mmoja alikuwa anaezua nyumba aweke bati za msauzi, kenchi zake (mbao za paa) za mbili kwa nne nikazichukua kwa bei ya kuni. Siku mbili nang'oa misumari ya inchi nne, mikono malengelenge matupu. Nikapeleka Pasua kwa fundi wa randa, akainusa mbao (ndiyo, aliinusa) akasema, "Bosi, hii ilipakwa oili chafu kuzuia mchwa, imeinywa miaka yote hiyo. Vanishi haitashika." Mimi nimeshaangalia video tatu YouTube, fundi ataniambia nini? Piga randa! Ikatoka rangi ya asali, nikamcheka moyoni.

Vanishi nikapaka Alhamisi. Ijumaa inanata. Jumamosi inanata, nikasingizia ukungu. Jumapili nikalitoa benchi juani likaukie, na nyie mnaojua mbao mshaanza kucheka, subirini.

Mama mkwe huyo, katoka kanisani, gauni la krimu, lile la send-off ya shemeji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hili benchi umetengeneza mwenyewe?"

Nikavimba kichwa. Kaa mama, kaa! Akakaa. Saa nzima, jua la saa saba, mtori, soda, stori za Marangu, kumbe huku chini jua linaivuta oili inapanda taratibu.

"Haya wanangu, niwahi gari." Akashika magoti. Akanyanyuka kidogo. Ikatoka sauti, prrrrrrr, kama plasta inabanduliwa kwenye mguu wenye nywele. Akasita. Akanyanyuka tena, na miguu ya nyuma ya benchi nayo ikanyanyuka. Akageuka aone nani anamvuta, benchi likaburuzika naye, likakumba sufuria ya mtori. Kimya. Mke wangu kashika mdomo. Na mimi, mkwe niliyetoa mahari, badala ya kukimbia kusaidia nikasema:

"Mama usivute kwa nguvu, utabandua vanishi."

Jamani. Nilitetea vanishi.

Gauni likaachia, pwa! Mistari mitano myeusi makalioni, imenyooka kama ya rula, maana nafasi kati ya mbao na mbao nilipima kwa futi, hilo mnipe. Nikainua macho, jirani yuko juu ya ukuta na simu.

Khanga, bajaji, dobi wa kwanza akakataa, wa pili akakataa, gauni nimelipa, benchi wanalalia kuku.

Zimebaki mbao nane. Mke wangu anasema nichome, nikamwambia moshi wa oili chafu utatumaliza. Kwa hiyo kama kuna mtu anajenga banda la nguruwe, njoo inboksi. Mchwa hazigusi, naapa.